Turbo ya Mwalimu Koleta

Mwanangu Beda,

Marahaba. Najua hata ukiwa peke yako chumbani na karatasi hizi mkononi, midomo yako itatamka shikamoo kabla hujasoma mstari wa kwanza. Ndivyo nilivyokulea, kwa hiyo nimeitikia mapema ili tusipoteze muda.

Umetoka kwenda Kihonda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimebaki hapa mezani na chai yangu. Sanduku lako nimelizunguka nikitafuta kitu cha kurekebisha, sijakipata. Sweta umeweka, pasi umeweka, hata sindano na uzi umeweka. Basi barua hii haitakufundisha kupika, wala kusali, wala kuchagua marafiki. Kama hayo hujayashika mpaka leo, karatasi hazitasaidia. Nataka tuzungumze habari ya gari.

Nianze na hili: najua ni wewe uliyempigia simu mjomba wako Felisiani ashuke kutoka Mgeta aje kunizuia. Usitafute pa kujificha. Alijisema mwenyewe kabla hajamaliza kunawa mikono. "Mtoto ananiambia dada yangu kachanganyikiwa, anataka kununua gari la mashindano." Sikukasirika. Nilicheka mpaka nikashika meza, kisha nikaingia chumbani nikalia kidogo, maana nilielewa unachokiogopa, na si gari.

Unaogopa kuniacha. Kazi ya Iringa uliipata mwaka jana, ukawaandikia kwamba mama yako hajisikii vizuri, nami nilikuwa mzima wa afya, natwanga kisamvu nyuma ya nyumba. Sasa wamekuita tena. Watu wa matrekta na pampu hawakosi vijana wa kuwaita, kwa hiyo mara ya tatu usiitegemee. Na bado juzi tulipokuwa tunakula ukasema labda uombe kusogeza mbele, "mpaka mama uzoee." Nizoee nini, Beda? Baba yako amelala makaburini Kola muda mrefu sasa, Mungu amrehemu, na mimi nimeshazoea nyumba isiyo na kikohozi chake. Asiyezoea ni wewe. Unanitazama kama sufuria iliyo jikoni, kwamba ukigeuza kisogo tu nitafurika.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini mwalimu mstaafu anataka gari la turbo, sababu ya kwanza ni wewe. Sababu ya pili ni mimi, na hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, nisikudanganye.

Unakumbuka siku tulipoliona lile gari la Baba Doreen nje ya kanisa? La buluu, milango miwili, limejikunja chini, na juu ya boneti lina tundu. Nikakuuliza tundu lile ni la nini. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi uliongea bila mimi kukukamua. Ukasema ndani mna feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ikiisukumia injini hewa nyingi zaidi, na tundu lile linaingiza upepo wa kuipoza hewa hiyo. Ukasema, "Moshi ambao gari jingine linautupa, mama, hili linautumia kupandia mlima." Ukaingia kanisani. Mimi nilibaki na maneno hayo misa nzima, sikusikia hata somo la pili.

Unajua niliwahi kuendesha lori. Unajua kama mtu anavyojua jina la babu ambaye hakumwona. Nilikuwa sijaolewa, Felisiani ana lori la kushusha kabichi na karoti kutoka Mgeta, dereva wake akaugua katikati ya msimu na mboga zinaoza kando ya barabara. Alikuwa amenifundisha kwa mchezo tu, kwenye uwanja wa shule. Akanipa usukani kwa sababu hakuwa na mwingine. Nikashusha ule mzigo. Nikashusha na uliofuata, na msimu ukaisha nikiwa bado mle ndani. Beda, sijui nikuelezee vipi. Unatoka kwenye ukungu asubuhi, nyuma una tani za kabichi zinakusukuma, mbele ni kona juu ya kona, na mikono yako miwili ndiyo inayoamua. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ulipozaliwa nilikuwa na hofu zaidi kuliko furaha.

Nikaolewa. Baba yako alikuwa kijana wa Tabora aliyekuja kufanya kazi kiwandani Mzinga, na hakuwahi kunikataza. Hilo ulijue, nisije nikamsingizia marehemu. Ni wanawake wawili tu, pale kisimani, siku chache baada ya harusi. Mmoja akamwambia mwenzake, bila kuninyooshea kidole, kwamba siku hizi watu wanaoa matandiboi wa malori. Wakacheka, wakajitwika ndoo, wakaondoka. Hayo tu. Jioni ile nikampelekea Felisiani ufunguo. Baba yako akaniuliza mbona nimeurudisha, nikamjibu nimechoka. Felisiani akaupokea bila kusema neno, nami nikauchukulia ukimya wake kuwa anaona afadhali. Nikaenda kusomea ualimu. Kazi nzuri, niliipenda, sina kinyongo nayo. Lakini wale wanawake nina hakika kufika nyumbani walishasahau walichosema. Mimi ndiye niliyekibeba miaka yote, na nikakugawia na wewe.

Ndiyo, nilikugawia. Ulipomaliza kidato cha nne ukataka kwenda Tanga kujifunza ufundi wa injini, nani alisema, "Mtoto wa mwalimu akawe fundi gereji, watu watasemaje?" Ukanitii. Ukasoma usichokipenda, ukafeli, ukarudia, ukazunguka mpaka ukaingia uhandisi wa kilimo kwa mlango wa nyuma na kuzikuta injini zilezile zikikungoja. Umefika ulipotaka, lakini kwa njia ndefu niliyokuchimbia mimi. Siombi msamaha hapa, maana nilishakuomba moyoni na wewe ulishanisamehe bila kuambiwa. Nataka tu ujue kwamba nimeona.

Basi nilipostaafu, wiki zile ulizodhani naenda jumuiya kila Jumanne na Alhamisi, nilikuwa chuo cha udereva. Funga mdomo, nzi wataingia. Mwalimu wangu alikuwa kijana mdogo kuliko wewe, ananiambia, "Mama usiogope, klachi ni hii ya kushoto." Nikamwambia ahsante baba. Tulipofika kwenye mlima wa kwanza akanitaka nisimame nusu ya mlima na kuondoka bila kurudi nyuma. Nikaondoka. Akanigeukia, akaniuliza nimewahi kuendesha nini. Nikamwambia kabichi.

Sasa zile hoja zako. Ulinikalisha hapahapa mezani ukasema gari la turbo lililotumika ni la kuogopa, kwamba vijana wanalikanyaga likiwa bado la baridi, hawabadilishi oili, likianza kuchoka wanaliosha na kumwuzia mjinga. Ulidhani sikusikiliza kwa sababu nilikuwa nachambua mchele. Nilisikiliza kila neno. Wewe ukifikiri unanizuia, kumbe unanifundisha kununua.

Kabla ya hili la Baba Doreen nilikwenda kuona jingine, jeusi, kwa dalali mmoja nyuma ya stendi ya Msamvu. Nilikwenda na fundi anayetutengenezea gari la parokia. Lilikuwa linang'aa mpaka injini, na dalali amekwisha kuliwasha, linanguruma tunafika. Nikamwuliza kwa nini injini imeoshwa hivyo. Akasema, "Mama, usafi ni tabia." Jibu zuri, ningempa alama zote kama ingekuwa insha. Fundi akamwambia azime, tukanywe soda, turudi lipoe. Dalali hakutaka. Alikuwa na sababu nyingi za kutotaka, nzuri zote. Tukanywa soda na hatukurudi.

Kwa Baba Doreen nilikwenda na fundi huyohuyo asubuhi, bila kumwarifu mwenyewe, hajapiga hata mswaki. Nikaweka kiganja juu ya boneti, baridi. Nikamwambia aliwashe nami nimesimama nyuma kwenye bomba la moshi. Ulisema moshi wa buluu maana yake linakula oili. Haukutoka wa buluu, ulitoka mvuke kidogo ukaisha. Fundi akaingia chini, akatoka na vumbi mgongoni, akaniambia, "Mwalimu, hili lilikuwa na mwenyewe." Baba Doreen anauza kwa sababu mke wake amejifungua mapacha na hawezi kumpitisha mtoto mmoja, seuze wawili, kwenye kile kiti cha nyuma. Nilimwamini, maana mapacha niliwasikia.

Hapo ningeweza kukuhubiria kwamba kila kitu maishani ukakione kingali baridi, kabla mwenyewe hajakiwasha kwa ajili yako. Kazi, nyumba ya kupanga, hata huyo binti wa Iringa ambaye bado hujakutana naye. Lakini nimesema sihubiri, kwa hiyo hilo limepita tu.

Tukatoka kulijaribu. Tukashika barabara ya Iringa, tukakata kushoto kuelekea Mgeta, mimi kwenye usukani, Baba Doreen pembeni ameshika mlango. Mwanzoni niliendesha kama mjane. Kisha mlima ukaanza. Nikakanyaga, injini ikavuta pumzi, na kwa nukta moja hakuna kilichotokea, nikadhani nimedanganywa. Halafu Beda, kitu kikanisukuma mgongoni. Nilipiga ukelele. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopiga ukelele usiokuwa wa msiba. Kona zile ambazo lori la Felisiani lilikuwa linazipanda likilia, hili lilizipanda likiimba, na mikono yangu ilizijua zote. Tulipofika pale mawe yanapoanza nikasimama, kwa sababu tumbo la gari lile liko chini, nikazima injini papo hapo.

Baba Doreen akarukia ufunguo akaliwasha tena.

"Mwalimu, samahani sana. Ukitoka kulikimbiza mlimani usilizime ghafla. Turbo imewaka moto. Liache lingurume kidogo, lipumue, oili iendelee kupita. Ukizima hapo hapo, oili inaungua humo ndani inashika kama ukoko."

Nikamweleza kwamba sisi wa milimani ndivyo tulivyolelewa. Ukifika juu unazima papo hapo, maana dizeli ni ya kubanwa. Na ukishuka unapiga fri, gia unaiacha huru, gari linateleza kwa uzito wake, hulilipii hata tone. Wengine walizima injini kabisa wakishuka, na baadhi yao wako kwenye makaburi ya parokia. Wakati namweleza tukawa tumeanza kushuka, na mkono wangu, bila kuniuliza mimi mwenye mkono, ukaiweka gia huru. Baba Doreen alipoliona gari linashika kasi na injini imenyamaza akataja watakatifu ambao sijui kama wapo. Nikarudisha gia ya pili. Tukashuka kwa heshima mpaka barabara kubwa, na yule bwana hakuachia mlango mpaka mjini.

Lakini ukoko ule ulinikaa kichwani. Siku niliyostaafu, Beda, walinipa khanga na saa ya ukutani Ijumaa, Jumatatu nikaamka sina pa kwenda. Nilizima ghafla. Na baba yako alipokufa nilizima ghafla vilevile, nikafunga redio, nikafunga madirisha ya barabarani, nikasema mimi basi. Wewe ukaona mama ameganda, ukabaki kuniwasha kila asubuhi kwa shikamoo na chai. Hukukosea. Ila sasa nimeshapata joto, na sihitaji kusukumwa.

Jumapili mjomba wako akaja, kwa simu yako. Wewe ulikuwa kwenye mazoezi, na nadhani ulipanga uwe kwenye mazoezi. Unajua kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kuwa na shamba na cheo, lakini mambo ya ukoo wa mama yanakwisha kwa mjomba, na kwa vile wazee wamekwenda, Felisiani ndiye mjomba wa wote. Akakaa kwenye kiti cha baba yako, akala, akapangusa mdomo.

"Koleta," akasema, "wewe ni mwalimu. Nusu ya mji huu umewafundisha kusoma. Utatokaje kwenye kigari kile mbele ya kanisa, umeinama kama unatafuta kuku? Jenga vyumba viwili nyuma hapo, upangishe. Mjane na gari la vijana, watu watasemaje?"

Nikuambie ukweli. Hoja za oili na moshi nilikuwa nazo, hoja za vyumba nilikuwa nazo, lakini kwa neno lile la watu watasemaje sikuwa na kitu. Nikajiona nipo pale kisimani. Nilishafungua kinywa nimwambie basi kaka, yaishe. Ningesema, na leo wewe ungekuwa unasogeza safari mbele.

Shemeji Mashaka ndiye aliyeingia. Hakupiga hodi, hajawahi kupiga hodi kwetu. Mdogo wa baba yako ni Mnyamwezi kamili, na kwa hiyo ni mtani wetu Waluguru kabla hajawa shemeji yangu. Akavuta sinia la wali kabla hajakaribishwa.

"Nimesikia njiani Waluguru wanajadili gari," akasema. "Jadilini kufunga kabichi kwenye matenga. Gari waachieni wenye akili."

"Mtani, kula wali wa watu unyamaze," mjomba wako akasema.

"Nisinyamaze. Lini Mluguru akaendesha kitu? Mnapanda milima na mzigo kichwani tangu Adamu. Huyu shemeji yangu toroli tu litamshinda."

Mjomba wako akaweka kijiko chini. "Wewe ambaye babu zako walitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani, leo unatufundisha gari?"

"Walitembea, lakini walifika. Huyu ataishia mtaroni hapo Msamvu, twende tukaokote vioo."

"Koleta?" Felisiani alisimama, Beda. Kiti cha baba yako kilianguka. "Koleta huyu aliteremsha lori la kabichi Mgeta masika, tope mpaka magotini, mimi nimekaa pembeni nimefumba macho. Hapakuwa na dereva kule juu wa kumfikia. Wanaume wenye leseni zao walikuwa wanampisha. Alipoacha nililiuza lori, maana nani mwingine angelishusha vile?"

"Maneno matupu," Mashaka akasema na wali mdomoni. "Kama anaweza, mbona unamnyima hicho kigari?"

"Nani kakwambia namnyima?"

Mashaka akaendelea kutafuna. Mjomba wako akanitazama, akamtazama mtani wake, na nikaona lile neno likirudi masikioni mwake. Mbele ya mtani huwezi kukasirika, na huwezi kulimeza ulilokwisha kutema, atakuimba mpaka kwenye matanga. Akakiinua kiti, akakaa taratibu.

"Ila atanipandisha Mgeta," akasema. "Tutaacha gari mawe yanapoanza, nitatembea. Nataka waone nani kanileta."

Nililia, na safari hii sikwenda chumbani. Miaka yote ile nilidhani alipoupokea ufunguo kimya aliona afadhali. Kumbe aliuza lori. Hajawahi kuniambia kwamba nilikuwa dereva mzuri, hata mara moja, na nisingelisikia kamwe kama asingekuwa anamtukana mtu mwingine. Nilipomsindikiza Mashaka getini nikamwuliza kama alikuja kwa makusudi kunitetea. Akasema, "Shemeji, nilifuata wali."

Kwa hiyo nimelinunua, Beda. Jana, wewe ukiwa mjini unatafuta viatu, kila kitu kiliandikishwa kwa jina langu. Limelala kwa jirani yetu Mama Halima, nyuma ya ukuta wake, limefunikwa turubai ili usilione. Litakunywa mafuta, ndiyo. Halitanifikisha kila mahali, ndiyo. Sitalikanyaga kila siku, na sitajenga vile vyumba viwili. Nitalipeleka sokoni na litaonekana la ajabu na matenga ya nyanya kwenye kiti cha nyuma. Watu watasema, na baadhi yao wamekwisha kusema. Mama Halima ameshaniletea maneno ya mtaa mzima, nikamwuliza kama kuna mtu aliyeuliza bei ya usafiri kwenda Dodoma, maana wenye maneno ndio wa kwanza kuomba lifti.

Sikuandikii haya ili na wewe ukanunue turbo. Mshahara wako wa kwanza una kazi nyingine. Nakuandikia kwa sababu nilikupa uoga wangu ukiwa mdogo hujui kukataa, na sasa nataka kukupa na hiki kingine, ukiwa mkubwa, ukikitaka. Mwaka huu nimepanda mlima ambao nilikwisha kuuaga. Sikuupanda kwa ushujaa. Nusura niteleze nirudi chini, na aliyeniokoa alikuwa mtani mwenye njaa. Lakini niko juu, mwanangu, na nikitazama huku na huku sioni wale wanawake wa kisimani. Sijui walikwenda wapi. Huenda hawakuwahi kupanda.

Utakosea huko Iringa. Utamwamini dalali mmoja au wawili, utanyamaza mahali ulipotakiwa kusema. Ukikosea niambie, usiniandikie kwamba unaendelea vizuri kama watoto wa watu. Nilikupa maisha ya kunificha mambo kwa kunihurumia, na huo mkataba nauvunja leo. Nihesabu kati ya watu wazima unaowafahamu.

Sasa sikiliza mpango wa kesho. Tiketi ya basi nimekwisha kuirudisha, kiti chako atakikalia mwingine. Barua hii utaikuta juu ya sanduku ukiamka; ukimaliza kusoma, oga, vaa, toka nje. Utanikuta nimekwisha kuliwasha linapata joto, na usijaribu kuzunguka upande wa kulia, usukani una mwenyewe. Tutapita Mikumi kwa adabu, tutapanda Kitonga nyuma ya malori mpaka watupishe, na adhuhuri utakuwa mlangoni kwako. Nitakusaidia kushusha sanduku. Sitaingia kupanga vyombo, sitakagua kitanda, sitalala. Nitakunywa chai, nitageuza gari.

Hapo ndipo ninapokutaka uwe mwanaume. Nikishageuza, usishike mlango, usiniambie mama nenda polepole, usiniulize kama nitaweza kurudi peke yangu. Nitarudi peke yangu. Nimeingoja safari hiyo tangu kabla hujazaliwa. Wewe nipungie mkono, uache, uingie ndani ukaanze kazi yako.

Akupendaye kuliko gari, na gari ninalipenda sana,

Mama yako Koleta